Nilivyompiga Ally Vitani Nachingwea

Jumatatu, 3 Juni 2024. Nandagala.

Dada yangu Rozalia amenijia kabla sijanawa uso. Habari nzito. Wazee wa yule kijana Nicholaus wanakuja Jumapili kumposa binti yake Happy. Rasmi kabisa. Amesema nijiandae kuongea, maana mjomba mkubwa ni mimi, na kwetu Wamwera binti ni wa mjomba, baba ni mgeni wa heshima tu. Kisha akaongeza kwamba niongee kidogo. Kidogo! Mimi! Mtu niliyewahi kumnyamazisha bwana shamba mkutanoni kwa swali moja la pembejeo! (Alinyamaza kwa kuwa gari lake lilikuwa limeshaondoka. Lakini alinyamaza.)

Nimewaza wakati nakunywa uji. Mpwa wangu haendi kwa mtu ambaye sijampima. Huyu Nicholaus ana stesheneri Nachingwea. Anatoa fotokopi, anapiga picha za paspoti, na kwenye kompyuta anachezesha watu mchezo wa vita vya zamani, vya kabla ya bunduki. Hapo akili ikanifunguka. Vita ndiyo fani yangu! Babu wa babu yangu aliwakabili Wajerumani kwa mkuki na mzinga. Ndugu zangu husema ulikuwa mzinga wa nyuki. Mimi nikisimulia huishia kwenye mzinga. Na mimi mwenyewe niliwafundisha wapigania uhuru kunyata, pale kambini kwao Nachingwea. Nilikuwa bado nanyonya, lakini walikuwa wakitazama ninavyotambaa.

Mchana nikaenda Ruangwa mjini, buchani kwa Ally, ndipo wanapokaa watu wenye akili. Nikatangaza kwa sauti. Jumamosi, mbele ya kadamnasi, Nicholaus atapimwa vitani. Asiposhinda, hakuna posa. Ally akaacha kukata nyama. Huyu Ally ni mwongo wa kupindukia, anadai aliua simba kwa mfuniko wa sufuria, na watu wanamsikiliza yeye kuliko mimi. Akasema kwa sauti kwamba Eustakio, yaani mimi, hawezi kupima vita, aliwahi kukimbizwa na bata mzinga wa paroko mpaka akapanda gari la mbuzi. Watu wakacheka hadi mteja mmoja akasahau maini yake.

Uongo mtupu. Alikuwa bata wa kawaida.

Jioni Happy akaja na cherehani yake kichwani, ametoka kazini, hata hakuitua. Akasema mjomba, mimi nimechagua mume, sijachagua mchezo. Akasema nikimharibia Jumapili yake atamwomba Mjomba Agapiti akae kwenye kiti changu. Agapiti! Mdogo wangu! Mtu ambaye ukimsalimia inabidi usubiri.

Nilimwambia asiwe na hofu, jambo liko mikononi mwangu. Akasema ndiyo hofu yenyewe.

Jumanne, 4 Juni. Nachingwea.

Nimefika mapema kuijua silaha kabla ya vita. Nicholaus akaniamkia kwa heshima, shikamoo mjomba, akafuta kiti kwa leso yake. Alama nzuri. Lakini naona ni mwembamba mno.

Akanipa kitu cha kushika, akasema ni kipanya. Nikamwambia kwetu panya tunamjua matumizi yake, na hatumshiki namna hiyo. Akacheka kwa adabu. Kipanya kina mkia lakini hakina nguvu. Nimekibana sana, mshale ukakimbilia kwenye kona ya kioo ukagoma kutoka.

Sasa mchezo wenyewe. Nasema kweli, mara ya kwanza nimeudharau. Watu wadogo kama sisimizi. Farasi wanapita juu ya maji. Mfalme mzima amesimama nje ya nyumba yake, hana hata kiti. Nikaambiwa nichague taifa. La kwanza Warumi. Nikakataa katakata! Hao si ndio Mtakatifu Paulo aliwaandikia? Siwezi kuwaamrisha watu ambao waraka wao nimeusoma kanisani. Isitoshe Nicholaus akasema tutakaopigana nao ni hao hao, basi nikachukua wale wa upande wetu wa dunia, watu wa Kathago, ambao wana tembo.

Kosa la kwanza la mchezo: hakuna korosho. Nimetafuta ramani yote. Ngano tu na mizeituni. Nikauliza wakulima wanapulizia salfa mwezi gani, Nicholaus akasema hawapulizii. Mchezo gani huu! Nikawaweka watu wangu wote shambani, maana jeshi lenye njaa ni mkusanyiko wa walalamikaji. Nikalima bonde lote. Nikalima mpaka ukuta wa jirani. Nicholaus akawa anasema polepole, mjomba, tungetengeneza askari kidogo. Nikamwambia avute subira.

Warumi wakaja wakati wa mavuno. Wakavuna.

Nimemweleza Nicholaus kwamba hiyo ilikuwa kuwatazama tu wanavyotembea. Wanatembea kwa mguu wa kushoto kwanza. Siri hiyo haijui mtu mwingine Nachingwea nzima.

Jumatano, 5 Juni. Nachingwea tena.

Leo nimetengeneza askari. Na tembo! Tembo wakubwa, wamevaa magodoro mgongoni. Nikaridhika. Watu waliokuja kutoa fotokopi wakasimama nyuma yangu, nikawasimulia ya kambini, ya kutambaa. Mzee mmoja akauliza nilizaliwa lini. Watu wengine hawana adabu na mambo ya vita.

Basi nikageuka, nikakuta tembo wanapita katikati ya ngano yangu.

Mtu wa Dar es Salaam hawezi kuelewa. Mwaka juzi tembo wa kweli walishuka Nandagala wakala mihogo yangu yote, wakasimama nyumba ya pili wakijikuna kwenye choo cha Rozalia. Damu ilinichemka. Nikasahau ni wangu. Nikaamuru askari wote, wenye mikuki, wenye mishale, wawafukuze hadi msituni. Nikapiga meza kama debe! Mwenye duka la jirani akaja kuuliza nini kinaungua. Tembo wakapigana na askari, askari wakaisha, tembo wakabaki, wakarudi kwenye ngano.

Nicholaus alikuwa ameshika kichwa. Akasema taratibu kwamba hao tembo ndio jeshi lenyewe. Nikamwambia huo ni mpango mbovu wa aliyetengeneza mchezo, na kama angekuwa na shamba hata la kukodi asingefanya hivyo.

Kisha kijana akaja na shauri. Jumamosi tusipigane mimi na yeye, si heshima mkwe kumpiga mjomba. Tukae upande mmoja, kila mtu na kompyuta yake na mji wake, tuwapige Warumi wa kompyuta pamoja. Tukishinda, masharti yametimia, na mimi nimeshinda mbele za watu. Nikaona ujanja wake moja kwa moja: anataka kunitumia. Lakini nikauona wangu juu ya wake: yeye atapigana, mimi nitashinda. Nikakubali kwa uso wa mtu anayetoa msaada.

Alikuwa ananieleza jinsi nitakavyowatambua watu wake, sijui rangi ya kijani, sijui na neno juu yao. Sikumsikia vizuri, nilikuwa namweleza mimi.

Alhamisi, 6 Juni. Ruangwa.

Lusiana mke wangu ameamka peke yake kupulizia mikorosho. Amerudi wa njano kwa salfa, kope na vyote, akasema jemadari, mikorosho ya upande wa mto imeingia ubwiri, ule ugonjwa wa unga mweupe. Nikamwambia kuna ubwiri shambani na kuna ubwiri wa utawala. Akaniuliza kama huo wa pili unaliwa. Wanawake hawaoni mbali.

Buchani Ally alikuwa amenikalia tayari. Amepata habari za tembo! Watu wa Nachingwea midomo yao haina mlango. Akaigiza mbele ya wateja, akapiga meza ya nyama kwa panga, akipiga kelele tembo hao, tembo hao, huku yeye mwenyewe ndiye tembo. Watu wakalia kwa kicheko. Halafu akanisogelea na lile panga akasema Jumamosi anafunga bucha anakuja. Tena hatakaa kutazama. Ataingia humo humo ndani ya kioo anipige mwenyewe, nimwone na jina lake.

Nilicheka. Lakini moyoni nikaweka.

Huyu mtu ana simu kubwa. Simu za siku hizi zinaingia popote. Zimewahi kuingia kwenye akaunti ya katekista.

Happy alipita njiani na kitambaa cheupe kwapani. Nguo ya Jumapili, anajishonea mwenyewe. Akanionyesha lesi ya mkono. Nikamwambia iko vizuri, ila angeacha nafasi ya kicheko, siku hiyo atacheka sana. Akanitazama kama anayepima kitambaa ambacho hakitoshi.

Jumamosi, 8 Juni. Nachingwea.

Naandika nikiwa nimekaa nyuma ya stesheneri, juu ya kreti la soda. Mwandiko umepinda kwa ushindi.

Watu walijaa. Rozalia alikuja, Agapiti alikuja akasimama mlangoni bila kusema lolote, Happy alikaa karibu na Nicholaus. Nicholaus alikaa kwenye kompyuta ya upande wa pili, mgongo kwa mgongo nami, kwa hiyo sikuona kioo chake. Na Ally! Alikuja na pikipiki, akakaa kwenye benchi la nyuma kabisa, simu mkononi, anabonyeza. Anabonyeza nini? Nikajua.

Tukaanza. Nilikuwa vizuri, tena vizuri sana. Ngano kiasi, askari kiasi, tembo nikawaweka nje ya ua upande wa choo. Geti limefungwa. Watu wakaanza kuniheshimu, nilisikia ukimya wao.

Mara nikaona jeshi linakuja kutoka kusini. Wamevaa kijani. Wanakuja moja kwa moja langoni kwangu, wana mikokoteni. Nikasogeza kipanya juu yao nione ni nani. Likatokea jina. Herufi kubwa, bila aibu, juu ya kichwa cha kila askari:

ALLY.

Looo! Nikageuka. Yule bwana yuko kwenye benchi anabonyeza simu na kutabasamu! Ameingia kweli! Kanifuata mpaka zama za mishale! Na nini kwenye mikokoteni? Ngano. Ananiletea ngano mimi mkulima! Sumu, au dharau, na sijui ipi mbaya zaidi.

Sikubahatisha. Nikafungua geti nikatoa wote. Mikuki, mishale, na safari hii nikawatoa na tembo, maana kwa Ally hata tembo ni ndugu yangu. Nikachoma mikokoteni. Nikapiga kelele, leo utanijua, chinjachinja wewe! Ally kwenye benchi akauliza kwani nimefanya nini. Akijifanya!

Nicholaus akapiga kelele upande wa pili, mjomba, mjomba, hao ni wangu, nakuletea chakula! Nikaelewa haraka. Hata yeye kanunuliwa. Nikamwambia akae kimya, amwachie mjomba kazi. Nikawafuata wale wa Ally hadi mjini kwao. Nikavunja ghala. Nikavunja ukuta. Nikavunja nyumba moja nzuri yenye bustani ambayo baadaye niliambiwa Nicholaus alikuwa ameipa jina la Happy. Hapakubaki jiwe! Nikasimama juu ya kiti, mikono juu, nikasema nimempiga Ally! Nimempiga!

Ndipo nikatazama kioo. Warumi walikuwa wamepita getini, ambalo sikulifunga, wakawa wamekaa kwenye mji wangu. Halafu wakaenda wakakaa kwenye mji wa Nicholaus, ambao ulikuwa wazi kabisa. Maandishi mekundu yakatokea. Muziki wa msiba.

Hapo Ally akaanguka kutoka kwenye benchi. Kicheko, si kitu kingine. Alilala pale chini anapiga sakafu kwa kiganja, anasema nimekufa, Eustakio kaniua nikiwa natazama bei ya ng'ombe. Watu wote wakaanguka naye.

Happy ndiye aliyenieleza, kwa sauti ndogo. Akasema mjomba, hilo si jina la mtu. Ni Kiingereza. Maana yake ni mwenzako wa upande mmoja. Mchezo ulikuwa unakuonyesha kwamba huyu ni wako, usimpige.

Nikamwambia basi Waingereza wametoa wapi ruhusa ya kuchukua jina la watu? Ruangwa pekee kuna akina Ally wangapi? Kama ni Nicholaus, waandike Nicholaus!

Happy alichukua kitambaa akaanza kufuta meza ambayo haikuwa chafu.

Hapo Rozalia akauliza mbele ya wote. Sasa kaka, yale masharti? Wote wakanitazama. Nicholaus akanitazama, uso wa mtu aliyejengwa akabomolewa asubuhi moja. Ningeweza kucheka tu nikasema yalikuwa masihara. Neno lilikuwa hapa kwenye ulimi. Lakini Ally alikuwa ameanza kuinuka kutoka sakafuni, anajifuta machozi, na macho yake yalikuwa yananisubiri.

Nikasema masharti ni masharti. Kijana hakushinda.

Watu wakaacha kucheka. Ally pia. Happy akakikunja kile kitambaa cha meza vizuri, kona kwa kona, akatoka nje. Agapiti akampisha mlangoni, kisha akamfuata.

Mimi nimekuja hapa kwenye kreti. Nafikiri wanaogopa kunisumbua.

Jumapili, 9 Juni. Nandagala.

Baada ya misa nimevaa koti. Nimefika kwa Rozalia nikakuta mikeka imetandikwa, wazee wa Nicholaus wameshakaa, na kwenye kiti cha mjomba, kile chenye mto, amekaa Agapiti. Amevaa koti pia. La kwake linatosha.

Nikadhani anakipasha moto. Rozalia akanivuta pembeni kwa mkono, akasema kaka, leo tumekupa kazi kubwa, pikipiki za wageni zinahitaji mlinzi. Nikamuuliza nani ataongea. Akasema ameshaongea.

Ameshaongea! Nikaenda kusikiliza dirishani. Inasemekana Agapiti alisema maneno haya tu: tumekusikieni, tumuulize mwenyewe. Happy akaitwa, na nguo nyeupe na lesi ya mkono. Wakamuuliza. Akasema ndiyo. Vigelegele. Kwisha! Sherehe ya ukoo imeendeshwa kwa pumzi moja! Mimi utangulizi wangu peke yake ulikuwa unaanzia kwa Wajerumani.

Nilijaribu kuingia kwa mlango wa jikoni ili niseme machache. Akina mama wakanipa jogoo nimshike. Nikamshika muda mrefu kabla ya kugundua kwamba hakuna aliyekuwa anamhitaji.

Happy hakunitazama. Alipita mara mbili na sinia, akanipita kama ninavyopitwa na basi la Lindi. Nilitaka kumwambia lesi imekaa vizuri. Vigelegele vilikuwa vingi.

Nicholaus ndiye aliyenitokea kule kwenye pikipiki. Alileta sahani ya pilau, nyama imewekwa juu, akaishika kwa mikono miwili. Akasema karibu mjomba. Bado ananiita mjomba, yule kijana! Nikala. Nyama ilikuwa nzuri, laini. Nikauliza imetoka wapi. Akasema Ally ameleta yeye mwenyewe alfajiri, zawadi ya posa, na kasema nipewe kipande kikubwa kwa kuwa mimi ndiye mtu pekee aliyewahi kumshinda.

Nimekimaliza hicho kipande. Huo ni mkataba wa amani, na nimeusaini kwa meno.

Jumatatu, 10 Juni. Nandagala.

Nimeamka nikiwa na akili safi. Mambo yote nimeyapanga upya kichwani, na sasa naona wazi. Jumamosi sikushindwa. Nilimpima kijana kwa kitu kigumu kuliko vita, nilimpima kwa mjomba. Akavumilia. Nikajitoa kwenye kiti mwenyewe ili Agapiti apate mazoezi. Nimemweleza hivyo Lusiana. Amechukua mashine ya kupulizia akaondoka bila kuaga, ishara kwamba anatafakari.

Na kazi nyingine imejitokeza. Letisia, mdogo wake Happy, yule anayefundisha shule ya msingi, naye anasemekana ana mtu wake, fundi wa sola wa Nanganga. Nimetangaza leo hii hii: huyo naye atapita kwenye kompyuta. Mjomba mkubwa bado ni mimi, kile kiti kimeazimwa tu.

Safari hii siendi kwa kubahatisha. Nimekumbuka kila kilichokuwa kwenye kile kioo. Kosa langu lilikuwa moja: nilikaa upande wa watu wanaoshindwa. Wale wekundu walioingia getini kwangu wametulia, wanatembea kwa mistari, hawajibizani. Hao ndio jeshi! Na juu yao lilikuwapo jina la mkubwa wao, nililisoma vizuri kabla muziki haujaanza. ENEMY. Bwana Enemi. Naona ni Mmakua, hao wana majina ya namna hiyo, labda wa kule Masasi. Nimeamua kumtafuta kwa wakati, nimpelekee jogoo, tukae upande mmoja.

Nimemuuliza Letisia kama anamfahamu. Akanitazama. Akasema mjomba, hilo neno nalifundisha darasani, maana yake ni adui.

Nikamuuliza adui wa nani? Si alimmaliza yule mwenye jina la Ally, tena baada yangu? Basi huyo ni mtu wetu kabisa!

Amesema nimsubiri hapo hapo. Amekwenda kumwita Agapiti.